Je, Sikio Nalo Hutenda Dhambi?



Katika toleo lililopita tuliahidi kwamba ukurasa huu ungeeleza habari za paa la ukumbi na fedha zilizokwisha kukusanywa. Twaomba radhi, paa litangoja kidogo. Kuna jambo lililotokea kati yetu baada ya mavuno, na kwa kuwa limezungumzwa kila mahali isipokuwa kanisani, tumeona si haki sisi tunaoandika hapa tujifanye hatukulisikia. Tulilisikia, kama ninyi mlivyolisikia, na hapo ndipo lilipo swali lenyewe.

Wengi wenu mwajua. Kuna stesheni moja ya redio, ambayo hatutaitaja, yenye kipindi cha asubuhi ambamo watu hupiga simu kueleza mambo ya nyumba zao na ya jirani zao. Mtangazaji wake ni hodari wa kuchekesha. Asubuhi moja mtu wa hapa kwetu alipiga simu akaeleza habari za mwanamke mmoja na mume wake. Jina hakulitaja. Alitaja biashara anayoifanya mama huyo, mahali anapoketi, na rangi ya mlango ulio nyuma yake. Baada ya hayo jina la nini? Mtangazaji akacheka, akauliza maswali, akawakaribisha wengine, nao wakapiga. Jambo likachukua karibu nusu saa. Katika nusu saa hiyo redio zilikuwa wazi dukani, kwenye mashine ya kusaga, kwa fundi baiskeli, kwa kinyozi, na katika nyumba zetu sisi tunaoandika. Mwanamke yule ni mshirika wa kanisa hili. Jumapili iliyofuata nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu, na mpaka tunapoandika haya ingali tupu.

Jambo hilo lilipofika katika halmashauri ya mtaa, mzee mmoja alisema maneno ambayo wengi walikubaliana nayo: "Aliyepiga simu amemsengenya mwenzake. Mtangazaji amemfanya mwenzake mchezo. Hao wana dhambi. Sisi tulikuwa na masikio tu." Pakawa kimya kidogo. Ndipo mama mmoja wa makamo, ambaye kwa kawaida hasemi neno katika mikutano, akauliza: "Na kama sisi tusingesikiliza, wao wangemwambia nani?"

Siku ile hakujibiwa. Mwenyekiti aliendelea na shauri la tangi la maji. Nasi hatudai kwamba tunalo jibu ambalo wazee walikosa, ila tumelifikiri swali la mama huyu kwa majuma kadhaa, na tungependa mlifikiri pamoja nasi.

Kwanza hatuna budi kukumbuka redio imetoka wapi katika nchi hii. Baba zetu hawakuulizana swali hili, wala sababu yake si kwamba walikuwa watakatifu kuliko sisi.

Utangazaji katika Tanganyika ulianza mwaka 1951, kwa stesheni ndogo ya serikali ya kikoloni iliyoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965, miaka michache baada ya Uhuru, shirika hilo likavunjwa, utangazaji ukawekwa chini ya wizara, nayo ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Basi kwa muda wa karibu miaka 30 mtu wa huku bara aliyefungua redio yake alisikia sauti moja, ya serikali yake. Au kama alikuwa na redio nzuri na subira, alizungusha mpaka masafa mafupi akaitafuta BBC katikati ya mikoromo.

Na redio zenyewe zilikuwa ngapi? Wazee watakumbuka. Palikuwa na moja kwa mwalimu, moja kwa mwenye duka, labda na moja kwa mtu aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge. Mawe yake yakichoka yalianikwa juani ili yapate nguvu za siku mbili tatu. Saa ya taarifa ya habari watu walikuja na vigoda vyao. Hukuweza kuchagua utakalosikia, lakini ulimwona kila aliyesikia pamoja nawe. Na neno likikushangaza, ulitazama uso wa jirani yako uone kama naye ameshangaa. Matangazo ya vifo yalipoanza, watoto walinyamazishwa hata katika nyumba ambayo haikuwa na mgonjwa, maana huenda jina litakalotajwa ni la ndugu wa mtu aliyeketi pale.

Tarehe 12 Aprili 1984, Mwalimu Nyerere mwenyewe alipolitangazia taifa kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine amefariki katika ajali ya gari huko Dakawa, akiwa safarini kutoka hapa Dodoma, watu walitoka majumbani wakasimama njiani. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kama amesikia. Kila mtu alijua kwamba kila mtu amesikia.

Kulikuwa na jambo jingine zuri katika siku zile. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilitangaza masomo ya Mtu ni Afya kwa muda wa majuma 12. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi nchini kote. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake na kitabu chake. Walisikiliza kipindi, redio ikazimwa, kisha wakajadiliana juu ya malaria au maji machafu, na mwishowe wakaamua watafanya nini. Vyoo vingi vilivyochimbwa vijijini mwaka ule vilichimbwa kwa sababu ya vikundi hivyo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu hapo kusikiliza kulihesabiwa kuwa kazi. Mtu aliulizwa: umesikia, basi utafanya nini? Leo nani anatuuliza hivyo?

Lakini tusiwe kama wazee wanaosifu kila kilichopita kwa kuwa walikuwa vijana wakati huo. Sauti moja ina maovu yake, na sisi wa mkoa huu tunayajua. Katika Operesheni Dodoma, mwaka 1971, watu wa huku walihamishwa kwa maelfu kwenda katika vijiji vipya. Redio ilieleza uzuri wa vijiji. Waliokuwa na neno jingine la kusema, na walikuwapo, hawakuwa na pa kulisemea.

Tena kuna habari ambayo wengi wenu labda hamjapata kuisikia. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, uliofundisha juu ya UKIMWI na uzazi wa mpango kwa njia ya hadithi ya dereva wa lori aitwaye Mkwaju. Ulipendwa sana nchini. Wataalamu walitaka kupima kama mchezo huo unabadilisha mwenendo wa watu, nao walihitaji mahali pa kulinganisha, yaani mahali ambapo hausikiki. Mahali hapo palikuwa Dodoma. Mpaka mwaka 1995, saa ya mchezo huo, mtambo wa hapa ulirusha vipindi vingine. Kipimo chao kilionyesha kwamba mchezo uliwasaidia waliousikia. Hatuandiki haya kwa uchungu. Huenda elimu iliyopatikana iliokoa wengi mahali pengine, na baadaye mchezo uliletwa kwetu pia. Lakini ilikuwa miaka ambayo tulikuwa tukizika vijana karibu kila juma. Mtu mwenye stesheni moja tu hajui amenyimwa nini, kwa kuwa hana pengine pa kulinganisha.

Kwa sababu hiyo mwaka 1993, sheria mpya iliporuhusu watu binafsi na mashirika kuwa na redio zao, ikaundwa na Tume ya Utangazaji ya kutoa leseni, wengi wetu tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Mwaka 1994 Radio One na Radio Tumaini ya Wakatoliki zilisikika Dar es Salaam. Redio nyingine zikafuata katika mikoa. Za biashara, za makanisa, za Waislamu, za wilaya, hata za wafugaji wa Simanjiro. Hapo mwanzo sheria ilizibana redio za watu binafsi zisienee nchi nzima. Baadaye mlango ukafunguliwa zaidi. Mwaka 2003 kazi ya kusimamia ilikabidhiwa Mamlaka ya Mawasiliano. Leo stesheni zilizo na leseni zimepita 200, na ile Radio Tanzania ya zamani, tunayoijua sasa kwa jina la TBC Taifa, ni moja kati ya nyingi. Mkulima husikia bei ya alizeti kabla mlanguzi hajafika. Mtoto akipotea sokoni, jina lake hutangazwa kabla ya jua kutua. Diwani akila fedha za zahanati, kuna mtu wa kupiga simu. Hayo yote ni mema, na asiyeyaona ana chuki.

Sasa twende kwenye jambo ambalo twadhani ndilo mzizi wa swali la yule mama. Radio Tanzania ya zamani ililishwa na Hazina, ingawa nayo ilikuwa na idhaa yake ya biashara. Stesheni ya mtu binafsi haina Hazina. Ina umeme wa kulipia, mtambo, mishahara na ada ya leseni, na sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka katika matangazo ya biashara. Mwenye sabuni, mwenye soda na mwenye kampuni ya simu huuliza: ni watu wangapi wanaokusikiliza, na saa ngapi? Kipindi chenye watu wengi hupata matangazo mengi. Kipindi kisicho na watu hufa, hata kingekuwa kizuri namna gani. Sisi twadhani tunapewa vipindi bure, kama mvua. La, bei yake ipo, nayo ni masikio yetu, ambayo stesheni huyapeleka sokoni kwa mwenye sabuni kama sisi tunavyopeleka zabibu. Asubuhi ile ya mwanamke yule, kati ya kicheko na kicheko palikuwa na tangazo la sabuni. Tunalikumbuka. Masikio yaliyouzwa katika nafasi ile yalikuwa ya kwetu.

Mtu atasema: sikio langu ni moja kati ya maelfu. Ningezima redio yangu, mama yule angesemwa vilevile, na aibu yake isingepungua hata chembe. Hoja hii ina nguvu, tusiipuuze. Lakini tazameni mwizi wa kuku anapokamatwa mnadani. Wanaompiga ni watano au sita. Wanaotazama ni mia moja. Kila mmoja wa mia hao anaweza kusema kwa haki kwamba yeye hakuinua mkono, na kwamba angeondoka kipigo kisingepungua. Hata hivyo wale mia ndio waliofanya duara, na bila duara wale sita wangekuwa watu sita tu wenye hasira, wenye kuona haya haraka. Kweli kuna tofauti kati ya mtu aliyekuwa akipita na ndoo yake kichwani, na yule aliyesukuma wenzake ili afike mbele. Twajua tofauti hiyo tunapoiona mnadani. Redioni hatuioni kwa sababu kila mtu yuko nyumbani kwake.

Lugha yetu yenyewe yatusaidia hapa. Tuna neno kusikia na tuna neno kusikiliza. Kusikia ni kwa sikio. Sauti huingia bila hodi, hata mtu aliyelala husikia. Kusikiliza ni kwa nia. Msichana aliye jikoni, na redio ni ya baba yake, husikia yasemwayo wala hana lawama. Hata sisi, dakika ya kwanza ya asubuhi ile, tulisikia tu; hatukujua yanakoelekea. Lakini ulipotajwa ule mlango na rangi yake, kila mmoja wetu alijua, na kutoka dakika ile hatukuwa tukisikia tena. Mmoja wetu, tunaona vema kukiri, aliongeza sauti. Katika maungamo yetu ya kila Jumapili twataja mawazo, maneno na matendo. Kule kuongeza sauti tukuweke katika lipi kati ya hayo matatu? Si neno. Ni wazo tu? Mkono ulikwenda ukazungusha.

Wako wanaoona kwamba haya ni kuwabebesha watu mzigo usio wao, kwamba kusikiliza si tendo hata kidogo. Kwao tuna jibu linalotoka katika historia ya redio yetu wenyewe. Katika miaka ya ukombozi Radio Tanzania ilitoa nafasi katika matangazo yake ya nje kwa wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini miongoni mwao. Maneno yalisemwa Dar es Salaam, mahali pa salama. Waliokuwa hatarini walikuwa wasikilizaji. Katika Afrika Kusini ya Makaburu, mtu aliyekamatwa akisikiliza matangazo ya ANC aliweza kufungwa. Nao walisikiliza, sauti imeshushwa, redio imewekwa karibu na sikio, mtoto amewekwa mlangoni kulinda. Hakuna mtu katika mtaa huu atakayesema kwamba watu wale hawakutenda lolote. Tunawaita mashujaa. Basi ikiwa sikio laweza kutenda ushujaa, twawezaje kusema kwamba haliwezi kutenda uovu? Ama kusikiliza ni tendo kwa wote, ama si tendo kwa yeyote, na mashujaa wale warudishe sifa zao.

Tutataja sasa nchi ya jirani, tukijua kwamba jambo lake ni kubwa mno kuliko letu, na kwamba si vema kulitaja ovyo. Julai 1993, mwezi uleule ulioanza mchezo wa Mkwaju, ilianza kutangaza huko Rwanda stesheni ya watu binafsi iliyoitwa RTLM. Wengi wetu twajua ilivyoishia: katika majuma ya mauaji ya mwaka 1994 stesheni hiyo iliwataja watu kwa majina na kueleza walipo. Ambalo husahauliwa ni jinsi ilivyopendwa kabla ya hapo. Radio Rwanda ya serikali ilikuwa nzito na ya kizee. Hii mpya ilipiga muziki mzuri kutoka Zaire, watangazaji wake waliongea kama vijana wa mtaani, walitania, walicheka, na msikilizaji aliweza kupiga simu. Watu waliifungua kwa sababu ya mzaha. Chuki ililetwa juu ya mzaha, kidogo kidogo, kwa masikio yaliyokwisha kuzoea.

Kesi ya viongozi wa stesheni hiyo ilisikilizwa hapa nchini, katika mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha. Desemba 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza walihukumiwa pamoja na mhariri wa gazeti. Mwaka 2007 rufani iliondoa baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini haikuwaacha huru. Walihukumiwa kwa yaliyotangazwa. Hakuna mahakama iliyomwita mtu kwa kosa la kucheka sebuleni kwake mwaka 1993.

Na ni vema iwe hivyo. Hatungependa kuishi mahali ambapo serikali huchunguza masikio ya watu. Ujerumani ya Hitler ilifanya hivyo tangu mwaka 1939, ikiwafunga waliosikiliza stesheni za nje, na Makaburu tumekwisha kuwataja. Hapa kwetu Kamati ya Maudhui inaweza kuionya stesheni, kuitoza faini au kuifungia. Haiwezi, wala isiweze kamwe, kubisha hodi kwako na kukuuliza ulikuwa ukisikiliza nini. Lakini kwa kuwa sheria haifiki huko, wengi wetu tumedhani kwamba haki nayo haifiki. Hapo twadhani tumekosea. Zamani, redio iliposema vibaya, lawama yote ilikwenda Dar es Salaam kwa sababu hatukuwa na la kuchagua. Siku tulipopewa stesheni nyingi tulipewa na sehemu ya lawama, ila hakuna aliyeitangaza siku hiyo.

Tulipofika hapa katika mazungumzo yetu, mmoja wetu alitukatiza. Alisema: kipindi hichohicho cha asubuhi ndicho kilichomsaidia mjane wa kitongoji cha pili, ambaye mashemeji zake walikuwa wamemnyang'anya shamba. Alikwenda ofisi tatu hakusikilizwa. Alipiga simu redioni, akaeleza, watu wakakasirika, na katika juma moja shamba likarudi. Je, siku ile kusikiliza kwetu kulikuwa dhambi au wema? Na kama mtu angezima redio kwa sababu eti hataki mambo ya nyumba za watu, mjane yule angesaidiwa na nani?

Tulikaa na jambo hilo mpaka taa ikawashwa. Tulichoweza kusema ni hiki: mjane alisema mwenyewe, kwa sauti yake, jambo lake mwenyewe, naye alituomba kitu. Yule mwingine alisemwa. Hakuwapo, hakuulizwa, wala hapakuwa na lolote tuliloombwa kwa ajili yake isipokuwa kucheka. Labda msikilizaji anaweza kujiuliza hilo katika dakika ile anapotambua ni nani anayesemwa: je, mtu huyu ananitaka nisikie? Mwenzetu hakuridhika. Anasema wako wanaoonewa ambao hawawezi kujisemea, watoto kwa mfano, na jirani akiwasemea redioni si kusengenya. Ni kweli. Tumeandika pingamizi lake hapa kwa sababu hatukuweza kulimaliza.

Mwenzetu mwingine ana duka. Yeye amejaribu jambo dogo: saa ya kipindi kile huhamia stesheni nyingine. Siku ya kwanza wateja waliuliza. Siku ya tatu vijana wawili walihamia kibanda cha ng'ambo ya barabara, wakaenda kunywea soda zao huko. Anakadiria hasara yake kuwa soda 5 au 6 kwa siku, na amesema tuiandike idadi hiyo, ili asiyeuza soda asidhani kwamba jambo hili ni la bure. Mwinjilisti wetu kwa upande wake alisema yeye hakuwa na haja ya kuzima, kwa kuwa alisikiliza ili ajue namna ya kwenda kumfariji mama yule. Tukamwuliza alikwenda lini. Akanyamaza, nasi tukanyamaza, kwa maana hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amekwenda.

Juma lililopita akina mama watatu wa Umoja walikwenda. Walimkuta nyumbani, akichambua mchele. Aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, hakuuliza kwa nini wamechelewa. Juu ya kabati palikuwa na redio, sauti ya chini, kwenye stesheni ileile na kipindi kilekile. Walipomwuliza anawezaje kukisikiliza, alisema hukifungua kila siku, ajue kama wamemaliza kumsema. Siku ile walikuwa wakimsema mtu wa mji mwingine. Katibu wa Umoja ametuambia, na ameturuhusu kuandika, kwamba alijikuta ameinamisha kichwa upande wa kabati ili asikie vizuri zaidi, mpaka mwenye nyumba aliponyosha mkono akaizima, akaenda kuweka maji ya chai.